Kabla ya Kuivuta Trela, Ipime

Leo nataka tuzungumze juu ya trela za safari, zile nyumba ndogo za magurudumu zenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambazo hufungwa nyuma ya pikapu na kuvutwa hadi hifadhini au kando ya ziwa. Nazungumza hasa na wenzetu wanaoishi Marekani na Kanada, kwa kuwa huko ndiko trela hizi zilikozoeleka, na huko mtu anaweza kuinunua Ijumaa jioni akaondoka nayo Jumamosi alfajiri. Kwa familia yenye watoto kadhaa ni njia nzuri ya kuiona nchi bila kulipia vyumba viwili vya hoteli kila usiku. Lakini anayeinunua kwa mara ya kwanza hupewa ushauri mwingi kwa mpigo: nunua bomba la maji la aina hii, beba tochi, usisahau viti vya kukunja, chukua kamba ya akiba. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unayapanga mambo yote kwenye mstari mmoja, kana kwamba kusahau tochi na kuzidisha mzigo ni makosa yaliyo sawa. Mimi nashikilia kwamba hayako sawa hata kidogo. Jambo la kwanza ambalo mwenye trela mpya anapaswa kulijua ni uzito: uzito wa trela ikiwa imepakiwa, uzito unaoelemea kwenye gari, na uzito unaobebwa na kila ekseli. Akiujua huo, sehemu kubwa ya ushauri mwingine ataielewa mwenyewe. Asipoujua, anabahatisha barabarani, tena akiwa na watoto wake ndani ya gari.

Tuanze na jinsi sheria ilivyo, maana hapo ndipo wengi hudhani wamelindwa. Madereva wa malori wa Afrika Mashariki wanaifahamu mizani vizuri. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya mwaka 2016 ya kudhibiti mizigo ya magari, inayoweka tani 56 kuwa kikomo cha uzito wa gari zima, na lori la mizigo haliendi mbali kwenye barabara kuu kabla ya kuingia kwenye mizani. Marekani nako malori ya biashara hulazimika kupita kwenye vituo vya kupimia uzito. Trela ya familia, kwa kawaida, haiguswi na utaratibu huo. Katika majimbo mengi leseni ya kawaida ya kuendeshea gari dogo inatosha kuvuta trela ya familia, bila mtihani wowote wa ziada. Hata Uingereza, ambako zamani waliopata leseni kuanzia mwaka 1997 walitakiwa kufanya mtihani kabla ya kuvuta trela nzito, sharti hilo liliondolewa Desemba 2021 kwa trela zisizozidi kilo 3,500. Maana yake ni kwamba serikali imemwachia mwenye trela jukumu la kuupima uzito wake. Ni nadra askari kumuuliza amebeba kiasi gani mpaka siku ajali itakapotokea, na siku hiyo swali litakuwa limechelewa. Kwa hiyo, asiyelazimishwa kupima na mtu ajilazimishe mwenyewe.

Najua jibu litakalokuja haraka: pikapu yangu ina nguvu, kitabu chake kinasema inaweza kuvuta kilo elfu nne, na trela yangu haifiki tatu. Jibu hili ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi, na inafaa tulichunguze kwa makini. Mwaka 1947 mwendesha baiskeli mashuhuri wa Ufaransa, Alfred Letourneur, aliivuta trela ya kampuni ya Airstream kwa baiskeli. Picha yake ilipigwa na kutangazwa, na hadi leo inahusishwa na jina la kampuni hiyo. Kampuni ilitaka watu waone jinsi trela yake ya alumini ilivyokuwa nyepesi. Mimi naona picha ile inafundisha pia jambo jingine: kwenye ardhi tambarare, kuvuta kitu chenye magurudumu si kazi kubwa. Mtu mmoja mwenye miguu imara anaweza. Lakini hakuna anayeweza kuamini kwamba bwana yule angeweza kuishusha trela hiyo kwenye mteremko mrefu na kuisimamisha salama kwa breki za baiskeli. Nguvu ya kuvuta ndiyo inayotajwa kwenye matangazo kwa sababu inavutia masikio. Usalama uko kwenye maswali mengine mawili: gari lako linaweza kubeba nini mgongoni mwake, na linaweza kusimamisha nini.

Swali la kubeba ndilo linalosahaulika zaidi. Trela haifuati tu nyuma ya gari. Sehemu ya uzito wake hulala juu ya gari lenyewe, pale kwenye mpira wa chuma wa kiungo kinachoifunga trela kwenye gari. Kwa trela za Amerika Kaskazini, kanuni inayokubalika ni kwamba uzito huo wa mbele uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela iliyopakiwa. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa gari, sawa na abiria na mizigo iliyo nyuma ya pikapu. Sasa fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya mlango. Utakuta kibandiko kinachosema kwamba jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kiasi fulani cha kilo au paundi. Kibandiko hicho ni cha gari lako hasa, kwa namna lilivyotoka kiwandani na vifaa vyake, tofauti na kijitabu cha matangazo kinachozungumzia aina nzima ya magari. Kwenye trela nako kuna kibandiko chenye namba iliyoandikwa GVWR, yaani uzito wa juu kabisa ambao trela hiyo inaruhusiwa kufikia ikiwa na kila kitu ndani, pamoja na kingine kinachoeleza ni mzigo kiasi gani unaweza kuongezwa. Vibandiko hivi ndivyo vya kuanza navyo, na vinasomwa bure kabla hata ya kulipa.

Tuchukue mfano wa hesabu, niliouunda kwa namba za kawaida za magari ya aina hii. Trela tupu ina kilo 2,350. Weka betri mbili, kilo 45. Weka mitungi miwili ya gesi iliyojaa, ile midogo inayofungwa mbele ya trela, kilo 34. Jaza tangi la maji lita 150, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni kilo 150. Ongeza sufuria, unga, mchele, nguo, mablanketi, viti, meza, vifaa vya spana na jiko la mkaa, tuseme kilo 300. Trela imefika karibu kilo 2,880. Ukichukua asilimia 13 ya hizo, kilo kama 375 zinakaa juu ya gari. Sasa kibandiko cha mlango wa pikapu kinasema mzigo usizidi kilo 680. Baba, mama na watoto watatu ni kilo 280. Zimebaki kilo 25. Kiungo cha kugawanya uzito, nitakachokieleza mbele kidogo, pamoja na vyuma vyake, kina kilo 40 hivi. Tayari umezidisha kabla hujapakia baiskeli za watoto na kasha la barafu. Na kumbuka, kwa mujibu wa matangazo pikapu hii inavuta kilo 4,000, na mnunuzi akilinganisha namba hiyo na trela tupu anaona amebakiwa na zaidi ya tani moja na nusu. Hakuna aliyemdanganya. Ametumia namba ya kweli kujibu swali ambalo namba hiyo haikutengenezwa kulijibu.

Mtu anaweza kupinga, na ana haki, kwamba watengenezaji hawatoi namba hizo hewani. Ni kweli. Kuna kiwango cha wahandisi wa magari kinachoitwa SAE J2807, ambacho makampuni makubwa ya Marekani na Japani yanakitumia kupima uwezo wa kuvuta. Gari hupimwa likipanda mlima mrefu, kama ule wa Davis Dam huko Arizona, na hupimwa pia linavyoondoka, linavyosimama na linavyotulia. Ni kazi nzuri na imeondoa mashindano ya kutangaza namba zisizo na msingi. Lakini tazama masharti ya kipimo hicho: ndani ya gari wanahesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja wa kilo 68 hivi. Familia yetu ya watu watano haimo kwenye hesabu hiyo, wala jenereta, wala magunia ya kuni. Namba iliyotangazwa ni ya kweli kwa hali iliyopimwa. Hali yako ni nyingine, na hakuna wa kuipima isipokuwa wewe.

Pingamizi jingine linahusu kile kiungo cha kugawanya uzito nilichokitaja, chenye vyuma viwili virefu vinavyokazwa chini ya sehemu ya mbele ya trela. Wauzaji wengine hukieleza kana kwamba kinaongeza uwezo wa gari. Hakiongezi. Kazi yake ni kurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele ya gari na nyingine kwenye ekseli za trela, ili nyuma ya gari isilale chini na magurudumu ya mbele yasipoteze mshiko wa usukani na breki. Hiyo ni kazi muhimu, na kwa trela kubwa kidogo nakihesabu kuwa cha lazima. Lakini namba zilizoandikwa kwenye vibandiko hubaki zilezile. Vivyo hivyo kwa mifuko ya hewa inayowekwa kwenye springi za nyuma: inanyanyua gari likaonekana limekaa sawa, huku ekseli, breki na matairi yakiendelea kubeba mzigo uleule.

Baada ya kujua uzito ni kiasi gani, inabidi kujua umekaa wapi. Hapa waliowahi kusukuma mkokoteni watanielewa haraka: mzigo ukiegemea nyuma ya magurudumu, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na mwenye nao anapoteza udhibiti, ukiegemea mbele kupita kiasi, anaumia mgongo. Trela iko hivyohivyo, ila yenyewe inakimbia kilomita tisini kwa saa. Uzito wa mbele ukishuka chini ya asilimia 10, trela huanza kutafuta nafasi ya kuyumba, na upepo wa lori linalopita au mtikisiko mdogo wa barabara unatosha kuianzishia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza wameichunguza tabia hii ya misafara ya gari na trela, na wameonyesha kwamba uzito wa mbele, mahali ilipo ekseli, na jinsi uzito ulivyotawanyika toka katikati kwenda kwenye ncha za trela ndivyo vinavyoamua utulivu kwenye mwendo wa kasi. Funzo la upakiaji linatoka hapo moja kwa moja. Vitu vizito viwekwe chini sakafuni, karibu na ekseli au mbele yake kidogo. Vitu vyepesi viende kwenye makabati ya juu na kwenye ncha. Baiskeli nne zilizofungwa nyuma kabisa, kwenye bampa la trela, ni hatari maradufu: zinapunguza uzito wa mbele na zinaongeza nguvu ya kuyumba. Na tangi la maji lichunguzwe limekaa wapi, kwa sababu likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunaweza kuipunguzia trela uzito wa mbele, na likiwa mbele kunauongeza.

Mwendo nao unaingia kwenye hesabu hiihii. Nishati ya kitu kinachokimbia huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 110, umeongeza mwendo kwa zaidi kidogo ya moja ya tano, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza imeongezeka kwa karibu nusu. Na kwa kuwa trela yetu ya mfano ina uzito unaokaribia ule wa pikapu au hata kuupita, nishati hiyo ilishakuwa mara mbili kabla hujaongeza kasi. Hii ndiyo sababu jimbo la California linazuia gari linalovuta trela kuzidi maili 55 kwa saa, na Uingereza inaweka maili 60 kwenye barabara kuu za njia nyingi na 50 kwenye barabara za kawaida. Wapo watakaosema kwamba kwenda polepole kunawaudhi madereva wengine. Huko Marekani na Kanada kaa kwenye njia ya kulia, waache wapite, na mahali palipotengwa pa kupisha egesha. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kushindana nao, na ukiwa na kifaa cha kuongozea breki za trela, zikamate kidogo kwa mkono. Usikanyage breki za gari kwa nguvu, na usiongeze mafuta kwa matumaini kwamba utaikimbia. Pikapu nyingi za kisasa zina mfumo wa kielektroniki wa kutuliza trela inayoyumba, na ni msaada wa kweli; lakini mfumo huo hushughulikia dalili tu. Chanzo, yaani mzigo uliokaa vibaya, kitaendelea kuwapo kilomita inayofuata.

Matairi ndiyo yanayolipia makosa ya uzito kwanza. Ubavuni mwa kila tairi kumeandikwa uzito ambao linaweza kubeba, na kando yake upepo ambao uzito huo unategemea. Tairi lenye upepo pungufu linapoteza sehemu ya uwezo wake, linajikunja zaidi kila linapozunguka, linapata joto, na joto hilo ndilo linalolipasua. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla ya kila siku ya safari. Matairi mengi ya trela yana kikomo cha maili 65 kwa saa yasipokuwa na alama inayoonyesha kasi kubwa zaidi, jambo ambalo dereva wa pikapu yenye matairi ya kasi halioni kwa sababu halihisi kwenye usukani. Angalia pia umri. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT zinaonyesha wiki na mwaka: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela hukaa imeegeshwa miezi mingi, kwa hiyo matairi yake yanaweza kuwa na meno mazuri na ndani yamechoka. Wengi wenye uzoefu huyabadilisha yakifika miaka mitano au sita bila kujali yanavyoonekana. Nati za magurudumu nazo zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zirudiwe baada ya kilomita 15, 40 na 80 za kwanza, kwa sababu magurudumu mapya au yaliyotoka kufungwa hulegea yanapojikalisha.

Breki zifuate. Katika majimbo mengi trela inayozidi paundi 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, ni lazima iwe na breki zake yenyewe, na kwa trela za safari kwa kawaida ni za umeme zinazoongozwa na kifaa kilicho karibu na usukani. Kifaa hicho hakijipangi chenyewe. Kinarekebishwa kwa trela yako ikiwa na mzigo wako, kwenye uwanja mtupu, hadi trela isimame pamoja na gari bila kulisukuma wala kulivuta nyuma. Minyororo miwili ya usalama ipitanishwe chini ya kiungo, ili trela ikichomoka, ncha yake ya mbele idakwe isichimbe lami. Kuna pia waya mwembamba wa kukamata breki za trela zenyewe endapo itaachana na gari. Huo ufungwe kwenye gari peke yake, usitundikwe kwenye mnyororo, na ujue kwamba haufanyi kazi kama betri ya trela imekufa. Kwenye miteremko mirefu shuka kwa gia ndogo tangu juu, ili injini ishike sehemu ya uzito na breki zisiungue.

Sasa upimaji wenyewe. Kwenye vituo vya malori kando ya barabara kuu za Marekani na Kanada kuna mizani za kulipia, kama zile za kampuni ya CAT Scale iliyoanza kazi mwaka 1977, na mwenye trela ndogo anakaribishwa kama mwenye lori. Bamba la mizani limegawanywa vipande, hivyo ekseli ya mbele ya gari, ekseli ya nyuma na ekseli za trela hupimwa kila moja peke yake. Nenda ukiwa umepakia kama unavyosafiri, tangi la mafuta limejaa na familia yote imo ndani. Pima mara ya kwanza gari na trela pamoja, vyuma vya kugawanya uzito vikiwa vimelegezwa. Pima mara ya pili vyuma vikiwa vimekazwa, uone ekseli ya mbele imerudishiwa kiasi gani. Kisha egesha trela mahali salama, urudi na gari peke yake. Ukitoa uzito wa gari peke yake kutoka kwenye jumla ya kipimo cha kwanza, unapata uzito halisi wa trela. Ukilinganisha ekseli mbili za gari kabla na baada ya kufunga trela bila vyuma kukazwa, unapata uzito wa mbele. Linganisha kila namba na vibandiko. Kazi nzima inachukua saa moja hivi, na gharama yake ni ndogo kuliko tairi moja.

Kuna watakaosema kwamba wanawajua watu waliovuta trela miaka mingi bila kupima, na hakuna kilichowapata. Sina shaka na hilo. Chuma kilichozidishiwa mzigo hakivunjiki siku hiyohiyo. Ekseli inajipinda taratibu, beringi zinachakaa, matairi yanakula upande mmoja, breki zinapungua nguvu. Siku ya kawaida, kwenye barabara kavu, bila mtu kukatiza mbele, msafara uliozidisha uzito unaenda sawa na ule uliopimwa. Tofauti hujitokeza pale tu akiba inapohitajika: mvua, mteremko, upepo wa ubavuni, mtoto anayekimbilia mpira barabarani. Kwa hiyo miaka mingi ya salama inathibitisha tu kwamba siku hiyo haijafika. Waingereza wamekuwa wakiwashauri wanaoanza kuvuta misafara wachague trela isiyozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lao. Trela za Marekani ni nzito mno kwa wengi kuifuata kanuni hiyo, lakini hekima yake inabaki: anayeanza ajiachie nafasi ya kukosea.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba uzito si kila kitu, na hapa nakubali. Maji yanayovuja paani huozesha mbao za kuta kimyakimya na kuua trela nyingi ambazo hazijawahi kupata ajali. Kwa hiyo panda ngazi mara kadhaa kwa mwaka, ukague ule utomvu unaoziba maungio ya paa, madirisha na matundu ya hewa, na uzibe upya palipopasuka. Hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni inaua watu wakiwa usingizini, haina harufu, na hutoka kwenye jenereta, kipasha joto au jiko la gesi. King'ora chake na kile cha gesi vijaribiwe kila safari, na jiko la kupikia lisitumiwe kamwe kupasha chumba joto. Kambini, weka vizuizi kwenye magurudumu kabla ya kuifungua trela kutoka kwenye gari, maana hapo ndipo wageni wengi huiona ikianza kuondoka yenyewe. Jua kama trela yako inatumia umeme wa ampea 30 au 50, na uweke kifaa cha kuikinga na umeme uliofungwa vibaya. Weka kipunguza msukumo kwenye bomba la maji. Valvu ya tangi la choo ibaki imefungwa hadi tangi lijae vya kutosha, ndipo uimwage mahali palipotengwa, ukifuatisha maji ya kuogea yasafishe bomba. Na kwa walio Minnesota, Alberta au popote barafu inapofika, mabomba yamwagwe maji yote na kutiwa ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda isiyo na sumu kwa mabomba ya maji ya kunywa, kabla ya baridi ya kwanza.

Hayo yote ni ya kweli, na mengine yanaokoa maisha. Hata hivyo tazama kinachoyatenganisha na uzito. King'ora kinalia. Paa linalovuja huacha doa. Umeme mbaya huzima taa. Uzito uliozidi hautoi ishara yoyote ndani ya trela, wala haumdhuru mwenye trela peke yake. Mbele yako kuna basi la shule, ubavuni kuna mama na gari lake dogo, na wao hawakuchagua kusafiri na mzigo wako. Ndiyo maana naupa nafasi ya kwanza, mbele ya mambo ambayo yanaweza kuniharibia mimi mali yangu.

Wala kuujua uzito si kuua furaha ya safari. Kunafanya chaguo ziwe wazi. Unaelewa kwamba lita 150 za maji ni sawa na watu wazima wawili, ukaamua kusafiri na tangi lenye robo na kulijaza ukikaribia kambi, isipokuwa unapokwenda jangwani ambako hakuna bomba. Unaona sufuria zipi zinatumika na zipi zinazunguka tu. Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, alipoongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959, msafara uliopita pia katika sehemu yetu hii ya Afrika, alikuwa ameshajenga kazi yake yote juu ya wazo kwamba trela bora ni ile nyepesi. Anayetaka kwenda mbali hupunguza anachobeba.

Basi, msikilizaji mwenye trela mpya, au unayekaribia kuinunua, mpangilio wangu ni huu. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha mlango wa gari lako na vile vya trela, ufanye hesabu ya familia yako, si ya dereva na abiria mmoja. Ikikataa, chagua trela ndogo, au gari jingine, na usikubali maelezo ya muuzaji badala ya namba. Ukishanunua, pakia kama unavyokusudia kusafiri, uende kwenye mizani iliyo karibu kabla ya safari ya kwanza ndefu. Kilichozidi kitoe, kilichokaa vibaya kihamishe, kisha pima tena. Rudia zoezi hilo kila mwaka, kwa sababu mizigo ya trela huongezeka bila mtu kukusudia. Karatasi ya mizani iweke pamoja na bima na leseni. Nyaraka hizo nyingine zinaonyesha kwamba sheria imekuruhusu kuivuta. Karatasi hii ndiyo inayoonyesha kwamba gari lako linaiweza.